Uji Niliompikia Mume Wangu Siku ya Sindano

Siku nilipomwona mume wangu akiinama kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, nilijua ana mwanamke mwingine.

Najua mnacheka. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Kwa miaka sita, kamba za viatu vya Mbayo nilizifunga mimi. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja, mimi napiga magoti sakafuni. Halafu mguu wa pili. Mtu ambaye hawezi kuinama miaka sita, leo anainama kama kijana wa shule. Nani kamtengeneza?

Naitwa Phébé. Tunakaa Kamina, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, upande ule ambao treni ikipita sahani zinacheza kabatini. Mbayo alikuwa mtu wa njia, wale wanaobadilisha reli zilizochoka na kukaza skrubu juani. Mwanaume wa kifua.

Siku aliyoumia walikuwa watu wanane, wamebeba kipande cha reli, upande wa kuelekea Kaniama. Wawili wa mbele wakateleza. Uzito wote ukamhamia yeye. Hakuanguka. Alisikia tu kitu kimelia chini ya kiuno, basi.

Tangu hapo mgongo ndio uliokuwa unaamua kila kitu kwetu. Kama tutaenda kanisani au hatuendi. Kama tutalala au tutakesha.

Tulijaribu yote. Vidonge vikali vya kumlaza kama mtoto mchanga. Dawa za kuchanja. Mchungaji mmoja alimsimamia mgongoni kwa miguu yake yote miwili huku anaomba, Mbayo akakaa wiki nzima hawezi kugeuka kitandani. Tukamsafirisha Lubumbashi, wakampiga picha, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, akapumzike.

Kilichobaki ni mikono yangu.

Kila jioni napasha mafuta ya mawese, Mbayo analala kifudifudi kwenye mkeka, namkanda nusu saa nzima mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Nikimaliza namuuliza, "Afazali?"

Naye anajibu, "Afazali kiloko, Mama Élisha. Wafwako."

Élisha ni kifungua mimba wetu. Na wafwako ndiyo asante kwa Kiluba chetu, kama kiloko ilivyo kidogo kwa Kiswahili cha huku.

Ile "afazali kiloko" ndiyo iliyokuwa inanilisha. Kanisani wanawake walinijua kama Phébé anayemshikilia mume kwa mikono yake. Sitaki kuwaficha kitu, nilikuwa najivuna.

Sasa, ile Alhamisi.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mbayo aliondoka asubuhi akasema anakwenda kufuatilia karatasi zake za pensheni. Mimi nikaenda stesheni kuuza mikate yangu ya mafuta. Narudi kama saa tano, namkuta uani. Ameinama. Anafunga kamba. Akasimama, akachukua bidoni la maji la lita ishirini, akaliingiza ndani huku anavuma wimbo puani.

Mke mwema angepiga vigelegele. Mimi nikamuuliza kama askari.

"Baba Élisha, unafanya nini?"

Akashtuka kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. "Lelo mugongo inanihurumia," akasema. "Sijue juu ya nini."

Hakutulia. Akatoka, akatembea mpaka barabarani, akarudi, akatoka tena. Akainama, akainuka. Ilipofika saa kumi nikaona ameanza kushika ukuta. Magharibi ilipoingia, alikuwa amepinda kama zamani, pengine zaidi.

Nikapasha mafuta.

"Acha lelo, Mama Élisha," akasema. "Nimechoka."

Miaka sita, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuikataa mikono yangu. Amechoshwa na nini, na nani, mimi nikajijibu mwenyewe.

Kesho yake nilipokuwa nafua suruali yake, nikakuta mfukoni karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Imeandikwa hivi:

10 h: 2
12 h: 1
14 h: 1
16 h: 5
18 h: 8

Saa zimeandikwa kwa mwandiko wa kike, ule wa kuzungushazungusha. Zile namba za pembeni zilikuwa za mkono wa Mbayo, naujua. Na chini, mwandiko wa kike tena: Lundi, 9 h. Usikose. Chancelvie. Yaani Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni.

Nina rafiki anaitwa Mama Tshiala, mke wa askari wa kule base, kambi ya jeshi. Anauza samaki wakavu wa Kinkondja, anapita mtaa kwa mtaa, kwa hiyo hakuna jambo la Kamina lisilomfikia. Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili, akaikunja taratibu. Yeye huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Phébé, nisikufiche. Ile jeudi nilimuona."

"Alhamisi? Wapi?"

"Pale ku nyumba ya bageni ya misheni. Kulikuwa kabinti moya, amevaa jeans. Alikuwa anamutembeza mu lupango, mule ndani ya uzio, amemushika ku mugongo. Banacheka."

Nyumba ya wageni. Vyumba vya kulala. Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Na hizi namba?"

Tshiala akafikiri. "Ile njo points, yaya. Baba anamupatia points, saa kwa saa."

"Saa sita ampe moja?"

"Labda bado alikuwa anajifunza. Ona, dix-huit heures, saa kumi na mbili, amefikisha munane."

"Saa hiyo Mbayo alikuwa nyumbani na mimi."

Tshiala akaniangalia kwa huruma. "Basi hiyo munane ni ya weye, yaya. Umemushinda."

Sikucheka. Leo naweza kucheka, siku ile hapana.

Ile karatasi nikairudisha mfukoni mwake. Jumatatu Mbayo akasema anakwenda tena kufuatilia pensheni. Nikamwacha atangulie. Kumfuata mtu mwenye mgongo mbovu ni kazi, ndugu zangu, maana kila baada ya hatua chache anasimama, na wewe lazima usimame, unajifanya unatoa kokoto kwenye kandambili. Akaingia kweli pale kwa wageni wa misheni, akapita milango yote, mlango wa mwisho akagonga, akafunguliwa.

Nilihesabu mpaka mia. Nikaenda dirishani.

Mbayo amelala kifudifudi kitandani. Shati limepandishwa mabegani, suruali imeshushwa kidogo. Msichana wa miaka thelathini, hazidi, ameweka vidole gumba viwili chini ya kiuno chake, anabonyeza polepole. Mahali pangu. Palepale ambapo mimi tu ndiye niliyekuwa napajua.

Nikausukuma mlango. "Baba Élisha, vaa shati. Tunaenda kwetu."

Hakuna aliyeruka. Mbayo alifunga macho tu. Na pembeni, ameshika sinia la vyuma, nikamwona Umba, muuguzi, ambaye tunaimba naye kwaya moja.

"Mama Phébé, ingia," Umba akasema. "Funga mulango, vumbi inaingia."

Yule msichana akavua glavu. "Weye njo bibi yake? Muzuri. Nilimuambia akulete, akasema uko na kazi mingi. Minyi ni Docta Chancelvie."

Nilikaa kwenye stuli.

Kumbe misheni ilikuwa imewapa vyumba viwili vya mwisho, vikaoshwa, vikapakwa rangi, vikafanywa vya matibabu kwa mwezi mmoja. Docta alitoka Lubumbashi na mashine ndogo ya kuonyesha ndani ya nyama kwenye kioo, na alikuwa anatibu watu wenye migongo iliyoshindikana. Mimi mwenyewe nilipita pale mara ngapi na mikate yangu, sikujua.

"Ku mugongo, kati ya mifupa, kuko viungo vidogo vidogo," akanieleza. "Kila kiungo iko na mushipa yake ya fahamu, mwembamba kama uzi. Yeye njo anapelekaka maumivu ku kichwa. Minyi natia dawa ya ganzi pembeni ya ule mushipa. Kama maumivu inanyamaza, nimejua inatokea wapi."

Sindano ya kwanza, ile ya Alhamisi iliyopita, akasema, ni ya kupima tu. Ganzi inakaa saa chache, halafu maumivu yanarudi. Ndiyo maana mgonjwa anatembea, anainama, anabeba, na kila saa anaandika namba. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu ya kukata roho.

Zile points.

Alhamisi inayokuja ingekuwa sindano ya pili, ya kuhakikisha. Zikikubali zote mbili, inafuata ya tatu, yenye dawa ya kukaa miezi. "Haiko dawa ya kumaliza yote," akasema. "Bengine inabasaidia sana, bengine kiloko, bengine hapana. Lakini huyu baba, namba zake ni nzuri."

Halafu akanigeukia mimi, macho kwa macho.

"Mama, nakupatia weye kazi. Kuanzia mercredi asubui asikunywe dawa ya maumivu hata moya. Asikandwe. Asipakwe kitu. Anapaswa akuye na maumivu yake yote. Akikunywa kidonge, sitajua ni shindano imenyamazisha ao ni kidonge. Na bantu bengi banangoja. Mwenye kuvunja sheria, fasi yake inaenda kwa mwingine."

Shindano ndiyo sindano kwa kinywa cha huku. Nikasema sawa. Lakini neno "asikandwe" sikulikubali.

"Mbona mimi namkanda kila jioni," nikasema, "na inamsaidia."

Docta akaangalia faili lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mdogo tu, hajajua maneno yapi ya mgonjwa hayasomwi mbele ya mke.

"Nilimuuliza. Alisema hapana. Miaka sita, hata kiloko."

Umba alianza kupanga pamba zilizokuwa zimepangwa tayari.

Njiani kurudi, Mbayo ndiye aliyeanza. "Tulishalia mara mingi juu ya dawa ya mupya, Mama Élisha. Nilitaka nione kwanza, njo nikuambie."

"Na 'afazali kiloko'?"

Akatembea hatua kama kumi. "Kila mangaribi ukiniuliza, uso yako ilikuwa inangoja. Ningesema nini?"

Mtafikiri wivu uliishia hapo. Mume wangu hana hawara, ana daktari, ningepaswa kucheka mpaka nyumbani. Ndugu zangu, hapo ndipo ulipoanza.

Angekuwa hawara, ningejua la kufanya. Hawara ana maneno yake, unamwendea, unamtolea yako, mtaa unasikia, mambo yanakwisha. Lakini utamwambia nini mtu ambaye kwa dakika ishirini amefanya ulichoshindwa wewe kwa miaka sita? Utamwambia akurudishie nini?

Nyumbani ikawa docta kila saa. Docta anasema nitembee. Docta anasema nisikae sana. Docta anasema nikipona vizuri nitaweza kurudi kazini, hata kama si kubeba. Mbayo akapiga pasi shati lake mwenyewe. Nilimkuta akitabasamu peke yake, anaangalia ukuta.

Kwa ajili yangu hajawahi kutabasamu hivyo, nikawaza. Ni uongo, alitabasamu sana ujana wetu. Lakini ukishaingiwa na kile kitu, kumbukumbu nzuri zote zinaondoka.

Ile mercredi, Jumatano, hakunywa vidonge. Mpaka jioni alikuwa amelala kwenye mkeka, amebana meno, jasho linamtoka. Alikuwa analia, kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Nikanyoosha mkono mgongoni kwake bila kufikiri, kwa mazoea. Akausogeza pembeni, taratibu kabisa.

"Docta alikataza."

Alhamisi asubuhi nikawasha moto, nikapika uji wa mahindi.

Watu wakikiri makosa wanasema shetani alinipitia. Mimi hakuna aliyenipitia. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilichukua boksi la vidonge vikali, nikatoa viwili, nikavisaga kwa kitako cha glasi kwenye kisahani, nikamimina kwenye uji. Nikaongeza sukari. Nikakoroga. Nilikumbuka kila neno la docta, na nilijua hasa ninachokiharibu.

Nilitaka mara moja tu arudi kwangu, yule ameshindwa kumponya.

Mbayo alikula kijiko cha kwanza. Cha pili akasita, akaangalia ndani ya bakuli, akaniangalia.

"Sukari mingi," akasema.

Akaendelea kula mpaka bakuli likabaki tupu. "Wafwako," akasema, akachukua kofia, akaenda.

Alirudi haraka sana. Akakaa kwenye kiti chake, akaweka kofia magotini.

"Bamenifuta ku liste."

"Juu ya nini?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka safi kabisa, mpaka leo inaniogopesha.

"Maumivu ilikuwa kiloko. Docta alisema haiwezi kupima. Chrispin njo amekamata fasi yangu."

Wiki mbili baadaye docta na mashine yake wakarudi Lubumbashi.

Chrispin na Mbayo walifanya kazi pamoja kwenye njia, naye mgongo ulimwisha kwa kazi hiyohiyo. Sindano zilimkubali. Baada ya mwezi nikamwona juu ya baiskeli. Mwezi wa pili, siku ya kutoa sadaka, alicheza kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, mke wake nyuma yake, kitambaa kimemkaa vizuri, uso unang'aa.

Nilimwonea mke wake wivu mpaka nikaacha kuimba katikati ya wimbo.

Na Chrispin alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Kila Jumapili anapita kutusalimia, anaegesha baiskeli ukutani kwetu. Mbayo anamwambia, "Ninafurahi, ndugu yangu. Kweli." Na alikuwa anafurahi kweli. Mimi jikoni naichukia ile baiskeli kama mtu.

Tulirudi kwenye mafuta na mkeka. Nakanda, nauliza, anasema afazali kiloko. Yeye anajua ni uongo. Mimi najua. Yeye anajua kwamba mimi najua. Bado nilikanda, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na mtu niliyemkanda alikuwa akiumia kwa sababu yangu. Siku moja niliacha katikati nikaanza kulia. Akasema nipumzike, nafanya kazi nyingi sana.

Miezi saba.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha Umba aliponivuta pembeni baada ya mazoezi ya kwaya. "Docta Chancelvie amerudi. Anafungua liste ingine."

Nilikwenda peke yangu, sikumuaga mtu. Docta alinikumbuka mara moja.

"Mama, bwana yako atarudia?"

"Docta, kwanza nikuambie kitu. Ile siku, haiko yeye alikunywa dawa. Ni minyi nilimutilia mu uji. Nilijua ninachofanya."

Nilitegemea anifukuze. Akafungua kabati, akatafuta faili, akafungua ukurasa mmoja, akasoma kimya kwa Kifaransa, halafu akanisomea kwa Kiswahili.

"Imeandikwa hivi: mugonjwa anakubali alikunywa vidonge viwili kwa kupenda yake mwenyewe. Anasema aliogopa shindano."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

"Alisema viwili?"

"Viwili. Tena nilimugombeza, mama. Nilimuambia muntu muzima kama yeye, anaogopa shindano, anaharibia bengine."

Mbayo. Mtu aliyebaki amesimama chini ya uzito wa reli wakati wengine wanateleza. Alisimama mbele ya msichana anayelingana na mtoto wake, akajiita mwoga, akagombezwa, akavaa shati, akarudi nyumbani.

Nikamwangalia Umba, aliyekuwa akipanga vyombo pembeni.

"Nilisikia ile siku," Umba akasema. "Sikumuambia muntu."

Docta akafunga faili. "Nitamurudisha ku liste. Shindano ninayo. Ile ya ku nyumba yenu, hiyo minyi sina dawa yake."

Nilimkuta Mbayo barazani anapukuchua mahindi. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia natoka wapi na nimesema nini.

"Ulijua," nikasema.

"Kijiko ya pili. Halafu ukatoka inje kumwanga maji, nikahesabu mu boksi."

"Mbona ulimaliza bakuli?"

Alimaliza kwanza gunzi alilokuwa ameshika.

"Ile mercredi nililia ku mukeka kama mutoto. Nilifikiri ulisikia. Nilifikiri umeshindwa kuniona vile, njo ukatia dawa. Nikasema, Phébé ananihurumia, niache kula namna gani? Na kule, kama ningesema ni weye, bangekugombeza juu ya kunihurumia."

Ndugu zangu mnaosoma, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningenyamaza tu. Ningeinamisha kichwa na kutoka pale mke mwema ambaye huruma yake ilizidi. Hata docta angeamini. Hata ninyi mngenisamehe.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Haikuwa huruma. Ilikuwa wivu. Sikutaka mikono ya docta njo ikuponeshe."

Gunzi jipya alilokuwa ameokota likabaki mkononi. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana na mimi wapi.

"Miezi saba," akasema.

Basi. Akaanza kusimama. Kusimama kwake kulikuwa safari, mkono ukutani, pumzi, goti, pumzi. Nikasogea kumsaidia.

"Acha."

Akaingia ndani. Siku nane hakusema na mimi zaidi ya salamu. Mafuta yalikaa chupani. Kila kitu kilichohitaji mkono wa mtu, alikifanya mwenyewe, polepole, huku nikimwona na huku nimekatazwa kumgusa. Sijawahi kuadhibiwa vile maishani.

Siku ya tisa, jioni, akasema, "Jeudi weye utakuya na minyi."

Tulikwenda. Akalala kitandani, docta akavaa glavu, Umba akaleta sinia. Docta akauliza, kama anavyowauliza wote, "Baba, ulikunywa dawa yoyote tangu jana?"

Mbayo hakuinua kichwa. "Uliza bibi yangu."

Chumba kizima kikanigeukia. Ile mashine ilikuwa inanguruma kidogo.

"Hakunywa kitu," nikasema. "Nilimulinda."

Docta hakuuliza mara ya pili. Akaandika.

Niliangalia sindano yote, kwenye kile kioo cha kijivu, jinsi ncha ilivyosogea kidogo kidogo mpaka karibu na mfupa. Mikono ya docta haikutetemeka. Bado nilisikia wivu, sitawadanganya. Ulikuja, nikauona, nikakaa nao palepale kwenye stuli mpaka akamaliza.

Zile namba za siku hiyo niliziandika mimi mwenyewe, Mbayo ananitajia. Mbili. Moja. Moja. Mbili, kabla ya ganzi kuisha.

Sindano ya tatu, ile ya kukaa miezi, alichomwa wiki iliyofuata. Sitawaambia amepona kabisa, maana si kweli. Kutoka nane ameshuka mpaka tatu, siku ikiwa mbaya, nne. Docta alisema dawa inaweza kuisha nguvu baada ya miezi, itabidi kurudia, na katikati afanye mazoezi ya kukaza kiuno. Sasa anakaa stesheni kwenye meza ya mizigo, anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Kunisamehe kulimchukua muda mrefu kuliko mgongo. Hakuna siku aliyosema amenisamehe. Ila jioni moja, mwezi wa sita, aliniita nimhesabie mazoezi yake, na nilipokosea namba kwa sababu ya machozi, akanisubiri nianze upya.

Mimi nilidhani nampenda Mbayo. Kwa sehemu kubwa nilikuwa napenda jinsi alivyonihitaji, na vitu hivyo viwili vinafanana sana ukiwa ndani ya nyumba.

Kama una mgonjwa unayemuuguza, jiulize leo: akipona kesho kwa mkono wa mtu mwingine, utafurahi? Jibu likichelewa kuja, mwambie mapema, yeye mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nilichelewa miezi saba, na miezi hiyo aliilipa yeye kwa mgongo wake.